Mvua isiponyesha silali, ikinyesha silali: hofu hii ya tabianchi naibebaje?

Mgeni wa Isimani

Nawasalimu nyote, na wakubwa shikamoo. Mimi ni afisa ugani katika kata moja ya tarafa ya Isimani, Iringa Vijijini, mwanamke wa miaka 31, na ujumbe huu nimeuandika na kuufuta mara tatu kwa sababu naona haya: watu ninaowahudumia wanategemea jembe la mkono na mvua, na bado wanalala vizuri kuliko mimi ninayepokea mshahara. Hata hivyo nimefika mahali ambapo sina budi kuuliza.

Msimu uliopita mvua ya kwanza ya maana ilinyesha wiki ya kwanza ya Desemba, ikalowesha udongo vizuri, nami nikawaambia wakulima wapande. Nilizunguka vitongoji vitatu kwa pikipiki nikisema hivyo, tena kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, maana mkulima hafukii mbegu ya kununua kwa ushauri wa mtu anayesitasita. Baada ya hapo mvua ikakata kwa siku 19. Mahindi yaliyokuwa yameota yalikunja majani kama sigara za kusokota, na yale ambayo hayakuwa yameota niliyafukua kwa kidole nikakuta punje imetoa mzizi mmoja mfupi, kisha mzizi huo umekauka ukawa kama uzi. Siku moja katika kipindi hicho bibi mmoja alinikuta nje ya ofisi ya kata, akafungua pindo la kanga, akanionyesha punje za namna hiyo zipatazo ishirini. Akasema, "Mwanangu, hizi ndizo ulizosema tupande." Hakunilaumu. Alifunga pindo lake akaondoka, na laiti angenitukana, pengine ningekuwa nimeshasahau.

Tangu wakati huo naamka saa nane za usiku, nachukua simu na kuanza kusoma. Nimesoma kwamba Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeutaja mwaka 2024 kuwa wenye joto kuliko yote iliyowahi kupimwa, takriban nyuzi 1.55 juu ya wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900, ilhali Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 ulizitaka nchi zijitahidi ongezeko hilo lisivuke nyuzi 1.5. Nimesoma tena na tena habari za maporomoko ya tope ya Mlima Hanang ya Desemba 2023, kana kwamba nikizisoma mara ya kumi zitaisha tofauti. Asubuhi nakwenda kufundisha watu kuchimba makingamaji huku moyoni najiuliza kuna faida gani. Mvua isipokuja chakula hakipiti. Ikija kwa nguvu juu ya bati, moyo unakwenda mbio. Mchumba wangu ameanza kuzungumzia watoto, nami kila mara nabadilisha mazungumzo.

Ningependa kujua kwanza kama huu ni ugonjwa, au ni hali ya kawaida ya mtu anayeona kinachokuja. Na pili, wale mliowahi kubeba hofu kubwa kuliko nafsi zenu, mliibebaje bila kuacha kazi? Naomba msinijibu kwamba nimwachie Mungu tu. Nimeshamwachia, na saa nane bado naamka.

---

Mzee wa Mufindi

Marahaba, mwanangu. Nitasema jambo ambalo huenda lisikufurahishe, lakini umeuliza wazi nami nitajibu wazi.

Nina miaka 71. Nilipokuwa kijana mdogo nilitoka huku Mufindi nikaenda kufanya kibarua hukohuko Isimani uliko wewe, wakati ambapo Isimani ilikuwa ghala la mahindi. Usingeamini ungeiona. Matrekta yalikuwa yakilima tangu alfajiri, mahindi yanafika mpaka upeo wa macho, na malori yamejipanga barabarani yakisubiri magunia. Hakuna aliyepumzisha shamba wala aliyerudisha samadi, kwa kuwa mwaka wa kwanza ardhi ilitoa, wa pili ikatoa, na mtu akiona ardhi inatoa hujiona fundi. Haikupita miaka mingi udongo ukachoka. Mvua ileile ambayo zamani ilizama ikaanza kuteleza juu kama maji juu ya sahani. Sasa leo mahindi yakinyauka huko, kila mtu anasema tabianchi, tabianchi. Mimi siikatai tabianchi, lakini si kila kilichokauka kimekaushwa na moshi wa Ulaya. Sehemu ya ukame wa Isimani tuliitengeneza sisi wenyewe, nami nililipwa ujira kwa kazi hiyo.

Tena mvua kukata Desemba au Januari si jambo lililozaliwa juzi. Katikati ya miaka ya 1970 njaa ilikuwa kubwa kiasi kwamba nchi iliagiza mahindi ya njano kwa meli, na tuliyala. Wewe umechukua siku 19 za kijiji kimoja, ukazifunga pamoja na nyuzi 1.55 za dunia nzima, ukajitwisha furushi zima kichwani. Huo si mzigo mmoja, ni mizigo miwili, na mmoja kati ya hiyo hata ukitaka huwezi kuunyanyua. Ufungue, uone kilicho chako ni kipi.

La mwisho, nisamehe, naona hofu ya saa nane za usiku ni anasa ya watu wenye simu. Bibi yule hakuwa na simu, ndiyo maana alileta punje mkononi.

---

Mpunga wa Usangu

Shikamoo mzee. Kwa heshima yote, neno hilo la "sisi wenyewe" huku Mbarali tumelisikia mpaka limetuchosha, na naomba kulijibu kabla dada hajajitwisha na hilo pia.

Mimi nimezaliwa mwaka 1990 pembezoni mwa Mto Ruaha Mkuu. Baba yangu anaufahamu mto huo ukitiririka mwaka mzima. Mimi siufahamu hivyo, kwa sababu tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kiangazi kule chini hifadhini, wiki kadhaa au miezi, viboko wakibanana katika madimbwi ya tope. Na kila umeme ukipungua kwenye mabwawa ya Mtera na Kidatu, vidole vinaelekezwa kwetu tunaolima mpunga na kwa ndugu zetu wafugaji. Ni kweli kwamba mifereji yetu inachukua maji mengi kuliko mto unavyoweza kutoa wakati wa kiangazi, na mifereji mingi haina milango ya kufunga. Sikatai, kwa sababu hata mimi nina mfereji. Lakini watu waliondolewa kwenye ardhioevu ya Ihefu mwaka 2006, eneo likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa Ruaha mwaka 2008, na mto haujarudi kuwa ule wa baba yangu.

Nilichotaka kumwambia dada ni kwamba mimi sikuwa na hofu, nilikuwa na hasira, na kwa muda mrefu nilidhani hasira ni nguvu kumbe ilikuwa ni hofu iliyovaa koti. Bara zima la Afrika linatoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa ya dunia, na ndani ya asilimia hiyo mimi na jembe langu hatuonekani hata kwa darubini, lakini kwenye mikutano ya kijiji mimi ndiye mharibifu. Nilikuwa nagombana na mke wangu kwa sababu ya chumvi kwenye mboga. Kilichonisaidia kidogo ni kuingia katika jumuiya ya watumia maji, siyo kwa sababu tumeuokoa mto, bali kwa sababu siku ya zamu yangu naufunga mfereji kwa mikono yangu saa kumi na mbili jioni, naona maji yanarudi mtoni, na usiku huo silumbani na mtu yeyote kichwani.

---

Muuguzi, Mbeya

Dada, mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Mbeya. Nimesoma ujumbe wako baada ya zamu na nitajitahidi kujibu swali la kwanza kwa ukamilifu, kwa kuwa la pili wengine wanalimudu kuliko mimi.

Hofu yako yenyewe si ugonjwa, kwa sababu unachokiogopa kipo. Mtu anayemwogopa chui aliye mlangoni hatibiwi hofu, anasaidiwa kuhusu chui. Tatizo ni kwamba mwili hautofautishi chui aliye mlangoni na chui uliyemsoma kwenye simu saa nane za usiku: moyo unapiga vilevile, misuli inakaza, tumbo linafunga, na usingizi unafukuzwa ili ukimbie. Ila huna pa kukimbilia, na kesho usiku mwili unajiandaa tena kwa mbio ambazo hazipo. Hapo ndipo hofu ya haki inapoanza kukuumiza bila faida.

Wala hauko peke yako. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliowahoji vijana 10,000 wa miaka 16 hadi 25 katika nchi 10, na asilimia 59 kati yao walisema wana wasiwasi mkubwa au mkubwa mno kuhusu mabadiliko ya tabianchi, huku zaidi ya asilimia 45 wakisema wasiwasi huo unaharibu shughuli zao za kila siku. Nchi ya Afrika iliyokuwamo ilikuwa moja tu, Nigeria, jambo linalonisikitisha, kwa sababu linawafanya watu kama Mzee wa Mufindi waamini kwamba hii ni anasa ya mbali. Pia kuna mwanafalsafa wa Australia, Glenn Albrecht, aliyebuni mwanzoni mwa miaka ya 2000 neno solastalgia, la kutaja hali ya mtu kuikosa nyumbani ilhali bado yupo nyumbani, baada ya kuwaona watu ambao mashimo ya makaa ya mawe yalikuwa yamegeuza sura ya bonde lao. Nilipomsoma kaka wa Usangu akiueleza mto wa baba yake, nililikumbuka neno hilo.

Kliniki, hata hivyo, hajawahi kuja mtu akaniambia ana hofu ya tabianchi. Watu husema "nina mawazo", au kichwa kinawaka moto, au moyo unadunda hovyo, na ukikaa nao nusu saa ndipo unaposikia habari za kahawa iliyopukutisha maua au viazi vilivyooza shambani. Kwa Kishona, kule Zimbabwe, wana neno linalofanana sana na letu, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Dixon Chibanda, akiwa katika nchi yenye madaktari wachache mno wa fani yake, aliwafundisha mabibi wa kitongoji cha Mbare, Harare, wakae kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye mawazo. Hawagawi dawa. Bibi anakuacha utaje matatizo yako yote, kisha anakuomba uchague moja, moja tu, na mnapanga hatua moja utakayoichukua kabla hamjaonana tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi hilo walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi kuliko wale waliopata huduma ya kawaida. Ukitazama vizuri, Mzee wa Mufindi amekwambia jambo lilelile pale aliposema ufungue furushi, ila bibi wa Mbare angelisema taratibu zaidi.

Sasa yanayohusu usiku wako. Simu isilale chumbani. Nunua saa ya mezani. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wa siku kumi uusome mara moja, mchana, kama sehemu ya kazi, na ukumbuke kwamba ule wa msimu unaotolewa kabla ya mvua kuanza hueleza mwelekeo wa msimu mzima na hauwezi kukuambia kwamba mvua itakata siku 19 katika kata yako. Kwa hiyo ulichokikosea hakikuwa ndani ya uwezo wa mtu yeyote kukijua. Vilevile nyuzi 1.55 za mwaka mmoja si sawa na kulivuka lengo la Paris, kwa kuwa lengo hilo hupimwa kwa wastani wa miaka mingi. Hali ni mbaya, lakini mlango haujafungwa usiku ule uliousoma. Jioni, kabla giza halijaingia, tenga dakika ishirini za kuogopa. Sikutanii. Chukua daftari, andika kila linalokutisha, na hofu ikija saa nane uiambie kwamba zamu yake ni jioni. Mwanzoni haitakutii, lakini baada ya wiki mbili au tatu wengi huona tofauti. Na moyo ukienda mbio, toa pumzi polepole kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta, mara kumi.

Kuhusu mvua juu ya bati nina la kwangu. Aprili 2024 tope liliposhuka kutoka Mlima Kawetele na kufunika nyumba na shule pale Itezi, jirani yangu ambaye nyumba yake haikuguswa hakulala usiku wa mvua kwa miezi mingi. Nilimpa ushauri wote wa kitabuni. Kilichomtuliza ni kwamba siku moja ya jua tulipanda pamoja mteremkoni, tukaukagua mtaro, tukaondoa taka zilizouziba, na tukakubaliana kwamba maji yakifika jiwe fulani tunatoka kuelekea barabarani. Bado anaamka mvua inaponyesha, lakini anaamka, anatazama jiwe, anarudi kitandani.

Ukiona kwamba kwa wiki mbili mfululizo karibu kila siku huna hamu ya jambo lolote, huli, unajiona huna thamani, au umeanza kutegemea pombe ili ulale (na msimu wa ulanzi ukifika najua wateja wangu wanaongezeka), usingoje. Hospitali ya rufaa ya mkoa ina watu wa afya ya akili. Ukipata wazo la kujidhuru, nenda siku hiyohiyo, na usiende peke yako. Kuhusu watoto sina jibu. Nadhani anayestahili kukusikia kwanza ni mchumba wako, siyo sisi.

---

Mama wa Makete

Mwanangu, pole na kazi. Mimi ni mkulima wa viazi na pareto huku Makete, nina miaka 58. Umeuliza wale waliobeba hofu kubwa kuliko nafsi zao. Nadhani umetuuliza sisi.

Miaka ya 1990 mwishoni ukimwi ulikuwa umetuingia huku kwa namna ambayo vijana wa leo wanaisikia kama hadithi. Tulikuwa tunazika mara mbili, mara tatu kwa wiki. Nyumba yetu ilikuwa karibu na fundi seremala, na ilifika mahali ambapo msumeno wake ndio uliotuamsha kabla ya jogoo, nami nikiwa kitandani nahesabu mbao. Mbao fupi zilikuwa za watoto. Kila mtu alimtazama mwenzake akipiga hesabu ni nani anayefuata, na hakuna aliyejua kama si yeye. Dawa hatukuwa nazo, wala hatukuamini zingekuja. Hiyo nayo ilikuwa hofu ya jambo lililopo, kubwa kuliko kijiji, ambalo hukuweza kulizuia kwa mikono yako.

Sisi kina mama tulianzisha mgowe wa Jumatano. Huku mgowe maana yake ni watu kukutana kulima shamba la mmoja wao, ila safari hii tulilima mashamba ya watoto waliobaki bila wazazi. Nakumbuka shamba la kwanza, matuta kumi na mawili ya viazi, ya watoto watatu ambao mkubwa wao alikuwa na miaka kumi na moja naye alisimama kwenye kona ya shamba akiwa ameshika ndoo ya mbegu kana kwamba ndiye msimamizi. Sikuambii kwamba kazi inaponya. Mdogo wangu alikuwa wa kwanza kufika kila Jumatano na tulimzika mwaka 2001. Nasema tu kwamba kati ya Jumatano na Jumatano kulikuwa na siku sita za kuogopa, na Jumatano tulikuwa tunaogopea shambani, tukiwa wengi, mikono ina udongo. Hofu inayoogopwa na watu kumi na wanne kwa pamoja ina uzito mwingine.

Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na baadhi ya wale niliokuwa nimewahesabia mbao wapo hadi leo, wana wajukuu. Sikutajii hili ili nikuahidi kwamba tabianchi nayo itapata kidonge. Nalitaja kwa sababu wakati ule ningeapa kwamba naijua kesho, na sikuwa naijua.

Lipo jambo jingine ambalo nimeliwaza tangu nisome ujumbe wako. Sisi tulikuwa na matanga. Mtu akifa, watu wanalala msibani, wanapika, wanalia, wanasimulia, hata wanacheka, na siku ya kuanua matanga mnasemezana kuhusu mali na madeni, maisha yanasogea. Shamba likifa hakuna matanga. Mahindi ya kijiji kizima yanakauka, na kila mtu anabaki na maiti yake mfukoni. Mimi naona bibi yule alikuletea msiba. Hakuja kudai. Alifungua pindo ili mtu mmoja aliyesomea mambo hayo aone pamoja naye, na nadhani wewe uliona aibu kiasi kwamba hukukaa msibani. Je, umewahi kwenda kwake tangu siku hiyo?

---

Mzee wa Mufindi

Nimemsoma Mama wa Makete, na nimemsoma kijana wa Usangu pia. Neno "anasa" nalirudisha. Mengine niliyoyasema yabaki.

---

Mgeni wa Isimani

Asanteni sana, na samahani kwa kukaa kimya kwa siku tisa. Mama, swali lako lilinichoma, kwa sababu jibu lake lilikuwa hapana. Kwa miezi mingi nilikuwa napita mbele ya nyumba ya bibi yule kwa pikipiki, nikiongeza mwendo kidogo pale penye mwembe wake.

Jumapili iliyopita nilikwenda. Nilibeba sukari na sabuni kama mtu anayekwenda msibani kweli, nikaketi kwenye mkeka, nikaanza kuomba radhi kuhusu Desemba. Aliniacha nimalize. Kisha akaniuliza kama ile mbegu ilikuwa feki. Nikamwambia sikumwelewa. Akasema siku ile alizileta zile punje ili nizitazame nimwambie kama muuzaji wa dukani alimpunja, kwa kuwa mwaka uliotangulia jirani yake alikuwa ameuziwa mahindi ya chakula yaliyopakwa rangi. Lakini aliponionyesha aliona uso wangu umebadilika, akahisi nataka kulia, na kwa kuwa hakutaka kuniliza mbele ya ofisi alifunga pindo lake akaondoka. Miezi yote hiyo nilikuwa nasikia lawama ambayo haikuwa imesemwa.

Ikaja kubwa zaidi. Alinieleza bila kupepesa macho kwamba alikuwa amepanda nusu tu. "Wewe ni mgeni wa mvua za hapa," alisema, "ulisema vizuri, lakini mimi nilitazama upepo." Nusu nyingine aliipanda mwisho wa Desemba na ikampa debe kadhaa, si nyingi. Nilikwenda pale nikiamini kwamba nimeiangusha kata nzima kwa sauti yangu, kumbe kata ilikuwa imenisikiliza kwa sikio moja. Niliona aibu ya aina nyingine, ambayo ni nyepesi zaidi na karibu inichekeshe. Mama, hata hivyo tulikaa, na baada ya chai alinipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha kipande cha shamba ambapo hakuna kilichorudi, na tulisimama pale bila kusema kwa muda mrefu.

Kuhusu usiku, simu inalala jikoni. Daftari lina kurasa sita, na nilipozisoma tena jana niligundua kwamba kurasa nne zinahusu kata yangu, moja inahusu dunia, na moja inamhusu mchumba wangu, ambaye bado sijamwambia. Juzi niliamka saa tisa na nusu badala ya saa nane. Dada muuguzi, sijui kama hilo linahesabika.

Bibi ameniomba mbegu ya mtama wa muda mfupi wa kujaribu kwenye kile kipande kilichokufa. Nimemtafutia kilo mbili za Macia, na Jumamosi tunachimba makingamaji kwanza, yeye na majirani zake watano, kabla mvua haijaanza. Ameniambia niwahi, kwa sababu saa nne jua la huku halina adabu.